Mnacheka Basi la Dogo wa Inyonga Lina "Ukurutu", Balansi Yake Mmelipa?

Wadau, tuongee kidogo, maana hii ishu imeniwasha tangu Jumatatu na naona kila mtu ana maoni isipokuwa anayejua kinachozungumzwa.

Klipu mmeiona. Staa mmoja wa hapa mjini, jina tunalo na halitoki hapa, yule ambaye hawezi kunywa chai bila kuposti, kashika basi dogo la kutengenezwa kwa mkono, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Kaligeuzageuza mbele ya kamera, kapitisha kidole ubavuni, halafu kauliza, "Jamani, basi nalo linapata ukurutu?" Watu wakafa kwa kucheka. Chawa wake wakadaka, kurasa za umbea zikakata kipande, na hadi usiku dogo aliyelitengeneza, kijana wa miaka 19 aliyeko Inyonga, Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, keshakuwa kichekesho cha nchi nzima.

Sasa kuna kitu klipu haikuwaambia. Lile basi ni oda. Staa aliliagiza mwenyewe, kwa DM, wakakubaliana laki mbili na nusu, akatuma kianzio cha elfu 50. Dogo kalala na hilo basi wiki tatu. Taa zinawaka, mlango unafunguka, siti zimepangwa mbili kwa mbili, mpaka kapazia ka dirishani kapo. Likapanda basi la kweli kuja Dar. Baada ya klipu, meneja wa staa akamwandikia dogo: "Mdogo wangu, bosi hajaridhika na finishi, hiyo balansi tuachane nayo."

Sawa, hajaridhika. Basi amerudisha? Hajarudisha. Angalieni video yake ya juzi ile ya kutangaza perfume, nyuma ya bega lake la kushoto, kwenye rafu. Limekaa pale limependeza, taa zimewashwa.

Nimeongea na dogo kwa simu. Hakulia wala nini, ila alisema neno moja ambalo ndilo limenifanya niandike hii posti ndefu: "Dada, ingekuwa vumbi ningefuta. Sio vumbi. Ni rangi yenyewe, na sijui kwa nini."

Anayemcheka ajue kwanza kwamba hicho ndicho kinachomuuma dogo. Sio kuchekwa. Ni kutokujua kwa nini.

Kwa hiyo sitawadanganya hapa eti ubavu wa lile basi uko fresh. Hauko. Nimezoom picha alizonitumia, una chembechembe kama msasa. Lakini hiyo ina jina na ina sababu, na sababu yake haina uhusiano wowote na "ushamba", lile neno mlilojaza kwenye komenti. Ni prima iliyokauka hewani.

Iko hivi. Ukibonyeza kopo la rangi ya kupuliza, kinachotoka ni matone madogo mno ya rangi iliyochanganywa na kiyeyushi. Matone yanatakiwa yatue yakiwa bado mabichi, yatandazane, yaungane, ndio upate uso laini. Ukisimama mbali, au jua likiwa kali, au upepo ukipita katikati, kiyeyushi kinaruka njiani. Rangi inafika ikiwa tayari kavu nusu. Haitandazani tena, inajibandika tu kama unga. Rudia mara tatu na una ukurutu wako.

Haya, dogo alipuliza lini? Mwezi wa tisa. Saa nane mchana. Uani. Nani kati yenu aliyecheka ameshawahi kuukuta mwezi wa tisa Katavi? Mvua huko zinaanza kuelekea Novemba, kwa hiyo kufika Septemba ni miezi minne mitano ardhi haijaona tone. Jua linachoma, upepo unabeba vumbi jekundu, na miombo ikiwa inaungua huko pembeni unaona majivu meusi yanashuka taratibu kwenye nguo ulizoanika. Prima ikikauka safarini hapo, mimi sishangai. Ningeshangaa ingetua vizuri.

Na hili tatizo sio la Inyonga peke yake. Wazungu wanaopaka vile visanamu vidogo vya wanajeshi vya kuchezea vita mezani, vile vya kina Games Workshop, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1975, wanalia kilio hichohicho kila mwaka. Wao kwao kuna baridi na unyevu, kwa hiyo mtu anachungulia dirishani siku tatu akisubiri hali ya hewa ikae sawa ndio atoke nje na kopo lake. Watu wazima, wana kazi na mikopo ya nyumba, wanasubiri jua litoke wapulize kisanamu cha urefu wa kidole. Hakuna anayewaita washamba. Wanaitwa wapenzi wa sanaa.

Naomba nimrudie kidogo mtu wa pili kwenye hii stori, maana staa ana mwenzake.

Dogo alijifunzia wapi kupuliza? Mtandaoni. Kuna fundi mmoja maarufu, naye jina tunalo, ana wafuasi kibao, anauza "kozi" kwa elfu 30 kupitia kikundi cha WhatsApp. Kwenye video zake anakamata kopo, anasimama mbali karibu mita nzima, anapuliza kwa madaha, kamera inakata, halafu unaoneshwa gari linang'aa kama kioo. Ushauri wake mkuu: "Simama mbali, rangi isichuruzike." Dogo akafuata neno kwa neno.

Tatizo ni pale kamera inapokata. Mtazameni yule bwana vizuri kwenye zile video zake ndefu. Pale pembeni kuna kompresa. Ule uso unaong'aa umepigwa kwa bunduki ya kupulizia, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na kwenye rangi kaweka thina ya kukauka taratibu. Kopo alilishika kwa ajili ya picha. Sasa mtoto wa Inyonga asiye na kompresa, wala kiyoyozi, wala hiyo thina, unamwambia asimame mita moja na kopo lake kwenye upepo wa Septemba? Umemchukulia elfu 30 yake ukamuuzia ukurutu. Halafu juzi huyohuyo fundi kaweka emoji ya kucheka chini ya klipu ya staa. Mwanangu, ile ni kazi ya mwanafunzi wako!

Na mnajua alimjibu nini dogo alipomuuliza kwenye kikundi namna ya kurekebisha? "Chovya kopo kwenye maji ya moto lipate presha." Na mwanakikundi mwingine akaongezea kwamba yeye huliweka karibu na jiko la mkaa, linapata joto haraka. Wadau. Someni kopo lolote mlilonalo nyumbani, hata la dawa ya mbu. Limeandikwa lisipate joto zaidi ya nyuzi 50. Kinachosukuma ile rangi mara nyingi ni gesi za jamii ileile ya mtungi wa jikoni, propeni na buteni. Unaenda kuiweka karibu na mkaa unaowaka, kwenye chumba cha kulala, kwa sababu mtu mwenye wafuasi wengi kasema? Kwa joto la Katavi kopo halihitaji kupashwa. Linahitaji kivuli. Hayo mambo ya maji ya uvuguvugu ni ya watu wa nchi za baridi, na hata wao wanatumia maji ya kuvumilika mkononi, sio ya moto. Fundi kayaokota huko akayatafsiri bila kutumia akili.

Halafu lipo kundi la tatu, na hili ndilo litanichukia. Ni nyie mliomtetea.

"Mwacheni dogo, ni kipaji kutoka kwa Mungu." "Serikali imuone." "Nimetoa machozi." Asanteni kwa machozi. Ila nimesoma komenti zenu zaidi ya mia nne nikitafuta mmoja tu amwambie kijana kwamba ubavu unarekebishika na namna yake ni hii. Hakuna. Nyie na waliocheka mmekubaliana jambo moja: kwamba dogo wa Inyonga hawezi kutoa uso laini. Wao wakacheka, nyie mkamhurumia. Hizo ni tofauti za adabu tu. Fundi hahurumiwi, fundi anaambiwa kosa liko wapi anarudi kazini. Mnadhani akina Tamiya wa Japani walianzaje? Ilikuwa ni kampuni ya kupasua mbao, mwaka 1946, baada ya vita. Wakaanza kutengeneza modeli za mbao kabla hawajahamia plastiki, na leo makopo yao ya prima ndiyo watu wanayoyaota. Mbao! Katavi wana uhaba wa mbao?

Basi ngoja niseme mimi ambacho mia nne hamkusema. Haya nimeyahakiki na mafundi rangi wawili wa magari, watu wenye mikono yenye madoa, sio wa kozi.

Kwanza ule ubavu haujafa. Asiuguse leo. Auache ukauke kabisa, siku nzima angalau, na pale penye rangi nene siku mbili tatu, maana msasa kwenye rangi mbichi unaibandua kama ngozi ya chapati. Ikishakauka achukue msasa laini, namba 400, apitishe bila kukandamiza, kwa kuzungusha, mpaka kidole kisikwame. Amalizie na 600. Kama mwili wa basi ni plastiki au bati anaweza kusaga na maji na sabuni kidogo, inatoka laini sana. Kama ni boksi asithubutu kutia maji. Basi la dogo ni mchanganyiko: ubavu ni boksi gumu, mbele ni plastiki ya ndoo, na paa bati. Kwa hiyo asage kwa akili, sehemu kwa sehemu. Kama prima imekauka kama unga kabisa, hata mswaki mkavu unatoa nusu ya kazi kabla ya msasa.

Hapo kwenye boksi kuna jambo lingine. Boksi linakunywa. Ukilipulizia prima likiwa tupu, nyuzi zake zinasimama kama nywele za mtu aliyeogopa, na unaweza kudhani ni rangi imeharibika kumbe ni karatasi. Dawa yake ni gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa na maji, mikono miwili kwa brashi, ikauke, msasa mwepesi, ndipo prima. Gharama yake ni ndogo mno. Sijawahi kuiona kwenye kozi ya elfu 30.

Na lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye boksi la TV, ambalo wengi mnalitumia kujazia siti na dashibodi, usilipulizie rangi ya kopo ya kawaida moja kwa moja hata siku moja. Kiyeyushi kinalila. Utaangalia siti zako zikiyeyuka zikiwa na nafasi ya kukuaga. Gundi ileile ya mbao kwanza, ifunike kila tundu, au tumia rangi ya maji kwa brashi.

Kuhusu kubanduka: dogo alinitumia picha ya paa, kuna kipande kimetoka kama ganda. Hilo sio joto. Hilo ni mafuta. Bati jipya linatoka kiwandani na mafuta yake, na mikono yetu ina mafuta, na Inyonga ni nchi ya asali. Dogo kaniambia mwenyewe kwamba asubuhi anamsaidia mjomba wake kukamua masega, mchana anakaa kwenye mabasi. Nta hiyo! Hakuna prima duniani inayoshika juu ya nta. Aoshe basi lote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo (boksi alifute tu kwa kitambaa kikavu), apige bati msasa lipate mikwaruzo midogo ya kushikia, na kuanzia hapo asilishike kwa vidole vitupu. Alibandike juu ya chupa au kipande cha mti kwa gundi ya muda, ashike hicho.

Sasa kupuliza upya. Alfajiri ikishapambazuka, saa moja hadi saa tatu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Hiyo ni kiangazi. Zikianza mvua hesabu inageuka, kwa sababu asubuhi kuna umande na hewa nzito, rangi inaweza kutoka na ukungu mweupe. Hapo asubiri saa nne tano, siku isiyo na wingu la kutisha. Boksi kubwa la TV alilaze ubavu, upande mmoja wazi, hilo ndilo banda lake la kupulizia. Chini amwage maji kidogo vumbi lilale. Mafundi wa gereji wanafanya hivyo miaka yote. Kopo litikiswe dakika mbili kamili, sio yale ya kutikisa mara tatu kama juisi. Ile goroli ya ndani ipo kwa sababu rangi inatuama chini. Ajaribu kwanza kwenye kipande cha boksi.

Umbali ni sentimita 20 mpaka 30. Kiganja cha mtu mzima kilichotanuliwa, kutoka kidole gumba mpaka cha mwisho, na kidogo juu yake. Sio mita. Aanze kubonyeza kopo likiwa bado nje ya basi, apite nalo kwa mwendo mmoja, aachie akiwa ameshatoka upande wa pili. Akianzia juu ya basi lenyewe ndio pale unapata donge, maana tone la kwanza huwa kubwa. Mkono wa kwanza uwe mwepesi kiasi cha kumtia wasiwasi, uonekane haujafunika. Uache unywee kama kopo linavyoelekeza, kisha wa pili, kisha wa tatu kama kuna haja. Wengi mnataka mkono mmoja umalize, halafu mnalalamika rangi imechuruzika na madirisha yameziba. Akimaliza ageuze kopo juu chini, abonyeze mpaka itoke hewa tupu, kitundu kisizibe.

Jambo la mwisho kwenye ufundi, maana nimeona limemkuta jamaa mwingine wa Mpanda: ukipiga rangi ya gari, ile yenye thina kali, juu ya rangi ya mafuta, ile ya chini inanyanyuka na kukunjamana kama ngozi ya bibi. Hapo hakuna kusaga, ni kukwangua yote. Prima na rangi zitoke familia moja.

Na kifua chako, dogo. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi, haizuii mvuke wa kiyeyushi. Kama huna ile ya vichujio vya mkaa, pulizia nje, upepo ukitokea mgongoni, na usipulizie kamwe kwenye chumba ambacho wadogo zako wanalala.

Mnajua kilichonichekesha mimi peke yangu? Kopo la rangi ya kupuliza lenyewe ni kitu cha kiubunifu tu cha mtu wa dukani. Ed Seymour, muuza rangi wa Sycamore, mji mdogo huko Illinois, Marekani, mwaka 1949, alikuwa anatafuta namna ya kuwaonesha wateja rangi yake ya aluminiamu. Mke wake Bonnie ndiye aliyempa wazo la kuweka kopo na bunduki pamoja. Mji mdogo, watu wawili, tatizo la rangi. Leo unaingia duka lolote la spea unakuta mtoto wao.

Turudi kwa staa.

Bosi, wewe una haki ya kutoridhika na finishi. Kabisa. Mteja ni mteja. Ila kutoridhika kuna njia mbili tu zinazoeleweka hata sokoni Mabibo. Ya kwanza, unarudisha mzigo, unadai kianzio chako. Ya pili, unabaki na mzigo, unalipa, au unamwambia fundi arekebishe halafu unalipa. Hii yako ya kubaki na basi, kulifanyia kiki, kuvuna watazamaji, kuliweka kwenye rafu likupambie tangazo ambalo wewe umelipwa, halafu kumwambia mtoto wa watu "tuachane nayo", hiyo ina jina lingine na mwanasheria wetu kanikataza kuliandika.

Na usiniambie ni hela ndogo. Kama ni ndogo, kwa nini hujalipa?

Dogo amekubali kurekebisha. Kanihakikishia. Mlirudishe basi Inyonga kwa gharama zenu, atausaga ubavu, atalipiga upya asubuhi na mapema, atalituma. Anahitaji siku kumi. Au kama bosi ameshalizoea pale kwenye rafu na hataki litoke, basi ni balansi ya laki mbili, na namba ya dogo meneja anayo.

Komenti ziko wazi hapo chini. Mwenye kompresa ya zamani isiyotumika, Tabora, Mpanda au popote barabara ile inapopita, aniandikie inbox. Anayetaka kuandika "Mungu amjalie" aandike, ila aweke na picha ya muamala.